Mtu Aliyechimba Nyuma ya Kila Mashine: Elvio Rinaudo Anastaafu

Baada ya utumishi wa miaka arobaini na mmoja, Don Elvio Rinaudo, mkaguzi mkuu wa mashine za kupandia katika kiwanda chetu hapa Colonia Margaride, anastaafu Ijumaa tarehe 29 Machi 2019. Tarehe hiyo imethibitishwa na ofisi ya utumishi, na mwenye kiwanda, na mke wake. Yeye mwenyewe bado anaitilia shaka. Juma lililopita alipita ofisini kuuliza kama kweli tarehe ishirini na tisa inaangukia Ijumaa. Akasomewa kalenda, naye akauliza kalenda hiyo imechapwa na nani.

Mimi ni Danilo Bergese, mkuu wa mauzo, na nimeombwa kuandika wasifu huu wa jarida la kiwanda ingawa kwa zaidi ya miaka ishirini mtu huyu ndiye aliyenizuia kuuza. Mteja yuko ofisini kwangu, amevaa shati safi, kalamu iko mkononi, na mashine yake iko kule nyuma, Don Elvio amepiga magoti nyuma yake na hataki kuinuka. Sijui waliponichagua walitaka wasifu au walitaka kucheka. Nitajaribu kuwapa vyote viwili.

Kwa faida ya familia na wageni, nieleze kazi yenyewe. Mashine mpya ikitoka kwa mafundi wa kuunganisha, hufungwa kwenye trekta na kupelekwa shamba la majaribio nyuma ya kiwanda. Hupanda kipande, mistari yote kwa pamoja, kisha trekta husimama. Hapo Don Elvio huchomoa kisu anachokichomeka mshipini mgongoni, hupiga magoti, na kukwangua udongo taratibu juu ya mstari mpaka mbegu zionekane. Anatazama zimelala kina gani, na zimeachana kiasi gani. Mashine ikiruka mbegu hubaki pengo, na pengo la chini ya udongo halisemi kitu mpaka mimea iote, wakati huo msimu umeshapita. Kisu hichohicho hutumika saa nne kukatia soseji kavu na jibini. Hukifuta kwenye suruali kwanza, hilo nashuhudia.

Na kwetu pengo si siri ya mtu. Jumapili baada ya usingizi wa mchana, koloni nzima, yaani mji wetu huu wa walowezi, huingia kwenye pikapu, na chupa ya maji ya moto, na kibuyu cha maté, chai yetu chungu ya majani, na maandazi kwenye karatasi, na kuendesha polepole kwenye barabara za vumbi kutazama mashamba ya wenzetu. Tunasema tunapunga upepo. Ukweli ni kwamba tunatafuta mistari iliyopinda na mahali pasipoota. Mtu anaweza kuishi hapa miaka sitini, akasomesha watoto, akajenga nusu ya kanisa, lakini akiwa na pengo moja kubwa karibu na barabara, ndilo litakalozungumzwa harusini kwa binti yake.

Don Elvio alizaliwa mwaka 1954 upande wa pili wa reli, katika ukoo uliotoka Piemonte, ng'ambo ya bahari, ukiwa na masanduku mawili na imani ndogo kwa binadamu. Babu yake alipanda ngano kwa mkono, mfuko begani, akitembea na kurusha. Nyuma yake alitembea bibi. Hakuwa akimsaidia. Alikuwa akihakikisha kwamba mzee hapunguzi mbegu ili amalize mapema akacheze karata. Don Elvio husema yeye ni mkaguzi wa kizazi cha tatu, na wa kwanza kulipwa.

Aliingia kiwandani mwaka 1978 kama fundi wa kuchomelea. Ulikuwa wakati mgumu wa kutengeneza mashine za kupandia. Wakulima wachache walikuwa wameanza kupanda bila kulima, juu ya mabaki ya mavuno yaliyopita, ili mvua isiendelee kuchukua udongo wao na kuupeleka mtoni. Majirani waliwatazama vibaya. Shamba lilionekana chafu, na mwenye shamba chafu alidhaniwa ama mvivu ama amefilisika. Mashine iliyozoea udongo laini haikuweza kupenya majani makavu, kwa hiyo marehemu Don Remo mkubwa, mwenye kiwanda wa wakati huo, akaunda nyingine yenye visahani vizito vya kukatia. Siku ya kuijaribu, watu walipiga makofi trekta liliposimama. Elvio, kijana wa kuchomelea ambaye hakuna aliyemwuliza, alikwenda nyuma na kisu chake, akapiga magoti, akasema, "Hii mashine inalisha njiwa."

Mbegu zote zilikuwa zimelala juu ya majani makavu, hazikugusa udongo hata moja. Don Remo mkubwa alinuna siku mbili. Siku ya tatu akamtoa kwenye kuchomelea na kumpa kazi ya kutoamini.

Tangu hapo hakuna mashine iliyotoka getini bila magoti yake. Tuliuza Paraguay, tukauza Bolivia, tukauza mpaka Kazakhstan, na kote huko sifa yetu ilikuwa moja, kwamba mashine ya Margaride hairuki. Nimewahi kusimama kwenye maonyesho na picha za rangi, na maelezo ya kiufundi, na wasichana wa kugawa kofia, halafu mkulima ananikatiza, "Hiyo imepita kwa Rinaudo?" Nikisema ndiyo, anasaini. Inaudhi kidogo kwa mtu anayejiona muuzaji hodari.

Wafanyakazi wapya wote wamesikia hotuba yake ya Machi. Anaitoa amesimama juu ya kasha la mbegu lililopinduliwa, na haijabadilika tangu nilipoisikia mara ya kwanza.

"Sikilizeni nyie," huanza hivyo. "Mnadhani mashine ya kupandia iligunduliwa na watu wenye akili. Hapana. Iligunduliwa na watu wenye wasiwasi. Wababeli walifunga bomba nyuma ya jembe. Kwa nini? Mkono wa mtu hauaminiki. Wachina nao wakafunga lao. Miaka mia tatu nyuma akaja Mwingereza mmoja mwenye shamba, vibarua wake hawataki kupanda anavyotaka yeye. Akigeuka tu, wanamwaga. Akasema haya, nitajiundia kibarua cha mbao. Wanasema wazo alilitoa ndani ya kinanda cha kanisani. Mimi siamini, lakini ndivyo wasemavyo. Ikaja sahani yenye matundu, kila tundu mbegu moja. Kwa nini? Kile kibarua cha mbao kilimwaga ovyo. Ukaja upepo wa kufyonza, unaishika mbegu kwenye tundu. Kwa nini? Sahani ilikuwa inadokoa mbili. Sasa wametuwekea jicho la umeme ndani ya bomba, linahesabu kila mbegu inayopita. Sawa. Na hilo jicho, nani analiangalia?"

Hapo huchomoa kisu, na vijana hurudi nyuma hatua moja.

Nje ya kazi hakuwa tofauti. Alipotimiza miaka thelathini ya utumishi kiwanda kilimpa saa ya mkononi. Aliilinganisha na saa ya kanisa, akakuta zimeachana dakika nne, akaenda kumwambia padri kwamba saa ya kanisa inachelewa. Haikutosha, alikwenda kusubiri treni ya mizigo ili apate shahidi wa tatu. Kwenye bahati nasibu ya sikukuu ya parokia alidai pipa la namba lifunguliwe mbele ya watu, na ndani yake zikakutwa namba mbili zimeshikana kwa asali ya maandazi. Watu wakampigia makofi. Mwaka uliofuata kamati haikumwalika, na yeye akatafsiri hilo kuwa ni ushahidi zaidi.

Sasa nifike kwenye Novemba iliyopita. Kuna walionishauri niiruke. Kuiruka kwenye wasifu wa mtu huyu lingekuwa pengo karibu kabisa na barabara.

Miaka minne iliyopita alikuja kutoka Rosario mhandisi Rocío Peretti, akapewa ofisi ya michoro na kazi ya kuunda mashine mpya, ambayo kila mstari wake unaendeshwa na mota yake, na dereva anaona kila kitu kwenye skrini akiwa kitini. Don Remo mdogo, anayeongoza kiwanda sasa, alisema wazi mbele yetu sote kwamba mashine hiyo isipokuwa tayari kwa maonyesho ya Machi, ofisi ya michoro itafungwa na Rocío atarudi Rosario. Rocío alikuwa ameshanunua kiwanja hapa. Alikuwa ameshaanza hata kwenda Jumapili kutazama mashamba ya watu.

Mashine ikatolewa shambani. Ilipanda kipande cha kwanza cha soya, skrini ikaonyesha mistari yote kamili. Don Elvio akapiga magoti, akakwangua.

"Inaruka," akasema.

"Wapi, Don Elvio?" Rocío akauliza.

"Kila mahali. Hapa hakuna. Hapa hakuna. Hapa moja. Binti, umenipandia shamba la wachoyo."

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo yaliyofuata yanaonekana ya kijinga. Katika koloni hizi mtu hachimbi mahali palipochimbwa na mwenzake. Ukiona mtu amekwangua mstari na kutoa neno, halafu wewe ukapiga magoti palepale na kisu chako, umemwita mwongo. Ndugu wawili wa ukoo wa Giraudo hawajasalimiana tangu wakati wa baba zetu kwa sababu ya jambo hilohilo, na wanaketi benchi moja kanisani. Kuchimba nyuma ya Elvio Rinaudo hakukuwahi kuingia kichwani mwa mtu yeyote. Ingekuwa sawa na kumpima padri kama kweli anajua Baba Yetu.

Kwa hiyo Rocío hakuchimba. Alirudi karakanani, akaifungua mashine yote, akaifunga upya. Akaiweka kwenye benchi la majaribio, juu ya ule mkanda uliopakwa grisi ambao mbegu hunata zinapoangukia, na zikanata kwa nafasi zilezile, moja moja, mpaka mwisho. Akamwita Don Elvio aje aone. Don Elvio akapita akiutazama mkanda kwa pembeni, kichwa kimegeuka kidogo, akasema benchi halina mawe, na benchi halina mteremko, na benchi halijawahi kumlisha mtu. Wakarudi shambani. Inaruka. Wakabadilisha mota. Inaruka. Wakabadilisha mbegu. Inaruka zaidi.

Kiwanda kikaanza kunuka shaka. Don Elvio alimshuku muuza mbegu, kwamba ametuletea chenga. Kisha akawashuku mafundi wa kuunganisha, akawa anatokea nyuma yao ghafla wakati wanakaza nati. Kisha akaishuku skrini, akamwambia dereva aizibe kwa kofia. Mafundi nao walimshuku Rocío kwamba anaficha kosa la mchoro. Rocío alianza kula chakula cha mchana ndani ya gari lake.

Nasi wa ofisini tulimshuku yeye, Don Elvio. Mwezi wa kumi alikuwa ameonekana mara mbili Pozo Alto, mji wa upande wa pili wa barabara kuu, ambako kuna kiwanda kinachotamani soko letu tangu enzi za farasi. Alikuwa amebakiza miezi michache tu astaafu. Mtu anayesimamisha mashine bora tuliyopata kuunda, kabla tu ya maonyesho, na pikapu yake imeegeshwa Pozo Alto. Sitaomba radhi kwa kumshuku. Nimefundishwa kazi hiyo na bingwa.

Nikaamua kumchunguza, na kwetu hakuna mahali pazuri pa kumchunguza mtu kama matembezi ya Jumapili. Nilikwenda kwao na maandazi, nikasema gari langu bovu. Nikaketi nyuma. Doña Ilda, mke wake, akaketi kwenye usukani.

"Tangu lini unaendeshwa, Don Elvio?" nikamtania.

"Goti," akajibu.

Goti lililokuwa linapiga magoti udongoni kutwa nzima. Nikaliweka akilini.

Tulipita polepole barabara ya mfereji. Soya ilikuwa imeota, kijani kichanga juu ya majani makavu, ule wakati ambapo mistari inaonekana vizuri kuliko wakati wowote. Don Elvio alikuwa akitema maneno kama kawaida yake, huyu kapanda na unyevu mwingi, yule kaharakisha. Tulipofika shamba la Giraudo mkubwa akagonga dirisha kwa kidole.

"Mtazame huyu! Mistari imepinda yote, na katikati mapengo matupu. Hiyo ni mashine ya Pozo Alto hiyo, nakuapia."

Nikatazama. Mistari ilikuwa imenyooka mpaka inaumiza macho. Hapakuwa na pengo hata la kuweka kofia. Na mashine ya Giraudo nilimuuzia mimi, baada ya kusubiri juma zima Don Elvio ainuke kwenye magoti yake.

Nikasema, "Mm." Kwenye kioo cha gari macho ya Doña Ilda yalikuwa yananitazama.

Tuliposimama kwenye geti kunywa maté, Don Elvio akaenda kwenye uzio kwa haja yake, mkono mmoja akipapasa waya. Doña Ilda akanimiminia, akasema chini chini bila kuniangalia.

"Danilo, umeona mapengo pale?"

"Sijaona, Doña Ilda."

"Hata mimi. Tangu Agosti kila shamba lina mapengo. Kila mstari umepinda. Hata vigae vya jikoni kwangu vimepinda, anasema fundi alituibia. Nimempeleka Pozo Alto mara mbili kwa daktari wa macho. Mara zote mbili kafika mlangoni, kagoma kuingia. Eti daktari anatafuta wateja."

Nami nilikuwa nimedhani anakula hongo ya Pozo Alto.

"Mwambie wewe," akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Mimi mkewe, haniamini. Wewe pia hakuamini, lakini wewe kazoea kukugombeza."

Jumatatu asubuhi mashine ilipanda kipande kingine. Watu walikuwa wengi, maana Don Remo alisema hilo lilikuwa jaribio la mwisho, na kila mtu alielewa kwamba lisipofaulu, Rocío anafunga virago. Trekta likasimama. Don Elvio akapiga magoti, akakwangua mstari wa tatu, urefu wa mkono. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kutoka pale nilipokuwa niliziona, mbegu za soya, nyekundu kwa dawa ya kupandia, zimelala wazi kabisa chini ya ncha ya kisu chake.

"Inaruka," akasema. "Hapa hamna kitu."

Hakuna aliyesogea. Waliokuwa karibu walikuwa wamezoea kutazama uso wake, si mstari. Rocío alikuwa akitazama viatu vyake.

Nikatoa kisu changu. Ni kisu cha nyama choma, kipini cha fedha, nilichopewa na wateja, hakijawahi kugusa udongo. Nikapiga magoti kando yake, na suruali yangu ya ofisini, nikakwangua mahali palepale alipokwangua yeye. Nilisikia mtu nyuma yangu anavuta pumzi. Don Remo aliita jina langu kwa sauti ya onyo. Don Elvio akageuza kichwa pembeni, kama anavyofanya siku hizi, akanitazama kwa ukingo wa jicho.

"Danilo. Unafanya nini?"

"Nachimba nyuma yako, Don Elvio."

Nikaokota mbegu, nikamshika mkono, nikaiweka kiganjani. Akaigeuza kwa kidole gumba.

"Umeitoa mfukoni," akasema.

Nikageuza mifuko yangu yote nje, pale udongoni, mbele ya watu. Funguo, tiketi ya kuegesha gari, pipi. Hakuona, bila shaka, ila alisikia funguo zikianguka. Nikamwambia, "Basi chimba mwenyewe. Achana na kisu. Tia kidole."

Akaweka kisu chini. Akatia kidole kwenye mfereji ule mwembamba na kukisogeza mbele polepole. Kikagusa mbegu. Akasogeza. Kikagusa nyingine. Akaanza kwenda kwa magoti, kidole ndani ya udongo, midomo ikitikisika, na sisi tukimfuata kandokando. Alikwenda mpaka mwisho wa mstari, hakupumzika. Alipofika mwisho akabaki pale, amepiga magoti, amewapa watu mgongo.

Kisha akaita, "Binti uko wapi?"

"Niko hapa, Don Elvio."

"Mashine yako inapanda." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Anayeruka ni mimi."

Rocío alipiga magoti kumshika, akalia, na mafundi ambao siku zote hizo walikuwa wakimsengenya wakageuka kutazama trekta. Nami nililia, na mtu asiseme ilikuwa vumbi. Don Elvio ndiye pekee aliyekuwa mkavu. Aliuliza kama tutakaa pale mpaka Krismasi au tutaenda kunywa maté.

Mchana huohuo alipanda ngazi mpaka ofisi ya utumishi, akasema kwamba mkaguzi aliyekuwepo amekaguliwa na hafai, na astaafishwe. Walimwambia abaki mpaka Machi apewe heshima zake. Safari hii alikwenda kwa daktari, akaingia ndani. Anasimulia mwenyewe kwamba daktari alimwekea mbele karatasi ya miraba, mistari ya kwenda na ya kushuka, akamwuliza anaonaje. "Nikamwambia, daktari, hii imepandwa vibaya." Ugonjwa wake unakula katikati ya jicho na kuacha pembeni. Kile anachokitazama moja kwa moja ndicho kinachopotea. Daktari alisema hautapona, na kwamba hatapofuka kabisa, lakini hatasoma tena wala kutambua uso wa mtu aliye mbele yake. Don Elvio alitaka kusikia daktari wa pili, akaenda Rosario. Yule wa pili akasema vilevile, naye akarudi akisema madaktari hao wawili walisoma pamoja.

Mashine ya Rocío ilikwenda kwenye maonyesho mwezi huu na imepata wateja wengi kuliko tulivyotarajia. Kila mkulima aliuliza kama imepita kwa Rinaudo. Nilijibu kwamba hakuna mashine aliyoikagua vizuri kama hiyo, maana aliigusa mbegu kwa mbegu. Nafasi ya mkaguzi mkuu bado iko wazi. Tumewahoji kadhaa, vijana wazuri wenye vyeti, lakini wote wana imani iliyozidi. Na tangu Desemba, kwa agizo la Don Elvio mwenyewe, kila mstari unachimbwa na watu wawili, wa pili palepale alipochimba wa kwanza. Juma la kwanza nusu ya mafundi walinuniana. Sasa wamezoea, na nasikia hata wale ndugu wa ukoo wa Giraudo wameonekana wakisalimiana, ingawa habari hizo bado hazijathibitishwa.

Don Elvio, kiwanda hiki kinakushukuru kwa kila ulipotuambia hapana. Wakulima ambao hutawajua kamwe wamevuna kwa sababu ulikataa kuinuka. Rocío anakushukuru kwa yale maneno matatu uliyomwambia ukiwa umepiga magoti. Mimi nakushukuru kwa mauzo yote uliyonichelewesha, na hutasikia hilo kutoka kwangu tena. Wewe na Doña Ilda muwe na siku njema na ndefu, mvua kwa wakati wake, na Jumapili nyingi za kupunga upepo. Yeye akuambie mistari ikoje, nawe ubishe.

Jarida hili utasomewa naye jikoni. Nakujua, utamkatiza kila baada ya sentensi, umwulize kama imeandikwa hivyo kweli au anaongeza. Imeandikwa hivyo. Na hapa mwishoni akinyamaza, usidhani amekuficha kitu. Analia tu, Don Elvio, na uko mbele yake humwoni. Nyoosha mkono umguse usoni.